Tunachoma Maji Yetu Wenyewe

Kila mwaka, kabla korosho hazijaanza kudondoka, Newala, kusini mwa Tanzania, hunuka moshi. Watu wanasafisha mashamba: majani yanafagiliwa, yanarundikwa, yanapigwa kiberiti. Sisi tuliokua tukinunua maji kwa dumu tunachoma maji kwa mikono yetu, maana majani hayo ndiyo yanayousaidia udongo kushika maji.

Juni, mvua zikiwa zimeshakatika, nilichimba sehemu mbili kwenye shamba la mjomba. Chini ya mkorosho unaochomewa majani kila mwaka, mchanga ulinipita vidoleni kama sukari. Nikamimina kikombe cha maji. Yakabaki juu yakiwa matone, kama juu ya jani la mgimbi. Kwenye mkorosho wa mpakani, ambao majani yake huachwa yaoze, niliinua bonge lililoshikana, limepitiwa na nyuzi nyeupe nyembamba mno. Nikalitumbukiza kwenye glasi. Chai yangu iliisha, bonge bado zima.

Nyuzi zile ni kuvu. Zinafunga punje za mchanga, na bakteria wanazigandisha kwa ute wao. Ute huo hunyonya maji yenye uzito mara nyingi kuliko wake, kisha huyaachia polepole jua linapokausha ardhi. Kuvu nyingine huishi kwenye mizizi ya mkorosho wenyewe: mti unazipa sukari, nazo zinapenya kwenye vitundu ambavyo mzizi hauingii, zinarudi na maji na fosforasi, kirutubisho cha mti. Hata harufu ya mvua ya kwanza, ile tunayoitokea nje kuivuta, inatoka kwa bakteria wa udongo.

Chakula cha bakteria hawa na cha kuvu wa nyuzi zile ni hayo majani. Ukiyachoma wanakosa chakula, na nta ya majani yanayoungua inaganda kwenye punje za juu, maji yanakataa kuingia. Tena kila msimu tunapuliza salfa kuzuia ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho, na salfa inaongeza tindikali ardhini. Viumbe hawa wa ardhini tumeshawabebesha vya kutosha.

Mjomba aliniuliza, “Mpwa wangu, korosho ikiangukia majanini nitaiokotaje? Na moto wa jirani ukivuka?” Ana haki, na sitaki kumjibu kwa kitabu. Afagie chini ya mti kama kawaida, lakini majani yaende kwenye mashimo katikati ya mistari, yafukiwe. Pembeni alime njia pana ya kuzuia moto. Ni kazi ya jembe, najua, na mgongo wake si wa juzi.

Amekubali kujaribu mistari miwili. Mashimo tumeyachimba pamoja wiki iliyopita.