Notsi zako zinakaa wapi?

Mtu wa hapa Dodoma akiniuliza programu gani nzuri ya kuandikia notsi kwenye simu, humrudishia swali: ukizima data sasa hivi, utaweza kufungua ulichoandika jana? Wengi hawajawahi kujaribu. Waliipakua kwa sababu rafiki aliisifia, au waliona video ya mwanafunzi wa Ulaya mwenye kurasa zilizopangwa kwa rangi zikapendeza. Kwa sisi tunaojiunga bando la siku, nasimamia hili: kabla ya kuangalia programu inafanya mambo mangapi, angalia maandishi yako yanakaa wapi na utaondokaje nayo siku ukiamua kuhama.

Kazi yangu inanipeleka kwenye mashamba ya zabibu, Hombolo, Mpunguzi na kwingineko. Zabibu za Dodoma huvunwa misimu miwili kwa mwaka, na kati ya msimu na msimu kumbukumbu ndiyo kila kitu: shamba lilipogolewa lini, lilipigwa dawa gani, ugonjwa ulianzia mstari upi. Notsi yangu ya kawaida ni fupi sana: “Mstari wa 4 hadi 7, ubwiri unga, majani ya chini. Salfa imepigwa Jumanne jioni. Mvua Jumatano.” Hiyo mvua ya Jumatano ndiyo inayoeleza kwa nini dawa haikushika. Mkulima ataniuliza wiki kadhaa baadaye, tumesimama katikati ya shamba, mahali ambapo mtandao unakuja na kupotea. Nahitaji kuiona pale pale, siyo nikirudi mjini.

Ndiyo maana sikuwahi kumshauri mtu wa kazi kama yangu atumie Notion, pamoja na uzuri wake wote. Ni programu yenye nguvu, majedwali yake yanafanya kazi kama ofisi nzima, lakini hadi Agosti 2025 haikuwa na utaratibu rasmi wa kufanya kazi bila intaneti. Sasa upo. Hata hivyo, anayetumia bure anapaswa kuchagua mwenyewe, angali na mtandao, kurasa atakazozihitaji baadaye. Nani anajua asubuhi mkulima gani atamsimamisha njiani mchana?

Wala tusidhani hili ni tatizo la vijijini peke yake. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, intaneti ikayumba nchini na kwa majirani zetu, na kero ikaendelea siku zilizofuata. Siku kama hizo, mtumishi wa mji wa Serikali wa Mtumba, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na mkulima wa Hombolo wanakuwa hali moja. Aliyeweka maandishi yake ndani ya simu anaendelea na kazi.

Jambo la pili, la kuhama, watu hulidharau zaidi kwa kuwa siku ya kupakua hakuna anayewaza kuondoka. Itazameni Evernote. Kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa jina la kwanza kutajwa ukizungumzia notsi za kidijitali, na watu waliweka humo kila kitu, bure. Kampuni ya Italia iitwayo Bending Spoons ikainunua, na kufikia Desemba 2023 anayetumia bure akawekewa ukomo wa notsi 50 na daftari 1. Aliyekuwa na notsi zaidi ya hapo hakunyang’anywa, aliweza kuzisoma na kuzitoa, ila kuongeza mpya hakuweza mpaka alipe. Kampuni ina haki ya kupanga bei ya bidhaa yake, na sina ugomvi na hilo. Ninachosema ni kwamba mwenye notsi 3,000 na mwenye notsi 30 hawakuipokea habari ile kwa namna moja. Kadiri unavyoandika ndivyo kuhama kunavyozidi kuwa kugumu, isipokuwa kama tangu mwanzo uliandika kwa namna ambayo programu nyingine inaweza kuisoma.

Hapo ndipo nilipoipendea Obsidian. Kila notsi ni faili la maandishi ya kawaida, la mtindo wa Markdown, ndani ya folda iliyo kwenye simu yako mwenyewe. Ukiifuta programu, na folda uliliweka kwenye hifadhi ya kawaida ya simu badala ya ndani ya programu yenyewe, faili zinabaki. Ukilifungua faili kwa programu yoyote ya kusoma maandishi, maneno yako yapo, na alama chache za nyota (*) na reli (#) mahali pa vichwa na maneno mazito. Unaweza kulituma kwa Bluetooth, kulinakili kwenye flashi, kulifungua kwenye kompyuta ya stationery yoyote pale mjini. Ni bure, hata kwa kazi ya ofisi; kinacholipiwa ni huduma yao ya kuoanisha simu na kompyuta. Kasoro yake nayo naijua: kwenye simu ya memori ndogo inachelewa kufunguka, na asiyezoea mambo ya folda atachanganyikiwa mwanzoni. Mtu wa aina hiyo simlazimishi.

Kuna hoja moja ninayoiheshimu kutoka kwa wanaonipinga. Wanasema simu zinaibiwa kila siku, zinaanguka kwenye ndoo za maji, lakini kampuni kubwa hazifungwi kila siku; kwa hiyo afadhali notsi zikae kwenye akaunti. Wana haki kabisa. Kwa mtu wa kawaida, Google Keep inatosha: inaandika bila mtandao, ukipata bando inajipandisha yenyewe, na ukinunua simu nyingine unazikuta notsi zako zinakusubiri.

Unazikuta, ikiwa akaunti ni yako. Hapa naomba tusikilizane vizuri, kwa sababu ndipo watu wetu wanapopotezea vitu vyao. Mama ananunua simu janja yake ya kwanza. Kijana wa dukani anamfungulia Gmail hapo hapo kaunta, anabuni nenosiri, anaweka tarehe ya kuzaliwa ya kukisia, anapakua WhatsApp, anamkabidhi. Nenosiri halikuandikwa popote. Simu ikiibiwa, kijana mwingine wa duka jingine anamfungulia Gmail nyingine, na yote yaliyokuwa kwenye ile ya kwanza yanabaki yamefungiwa. Akaunti isiyotumika kwa miaka 2 Google wana ruhusa ya kuifuta, kwa utaratibu walioanza kuutekeleza Desemba 2023. Kwa hiyo kabla hujamwekea mzazi wako programu yoyote ya notsi, kaa naye umsaidie kujua akaunti yake ni ipi, nenosiri likaandikwe mahali pa nyumbani panapojulikana, na namba ya kurejeshea iwe laini yake mwenyewe, siyo ya muuzaji.

Wapo wanaojitumia ujumbe wenyewe WhatsApp, na hao ni wengi. Siwalaumu, ipo tayari na haili bando kubwa. Tabu ni kutafuta: orodha ya mbegu iko katikati ya picha za harusi na sauti za dakika 5. Tena siku hizi, kwa wenye Android, nakala ya WhatsApp inahesabiwa ndani ya zile GB 15 za bure za akaunti ya Google, pamoja na barua pepe na picha. Zikijaa, nakala mpya haziingii.

Makatibu wa VICOBA, vile vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, nawaweka peke yao, maana wanabeba siri za watu: nani anadaiwa, nani amechelewa rejesho, namba ya simu ya kila mwanachama. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na hata isingekuwepo, deni la jirani si jambo la kuliacha wazi kwenye simu ambayo watoto wanachezea magemu. Kwa hao naipendekeza Joplin, programu huria, ambayo maandishi hukaa kwenye simu na nakala inayopanda mtandaoni unaweza kuifunga kwa nenosiri kiasi kwamba hata mwenye seva hawezi kuisoma. Ila kufunga huko unakuwasha mwenyewe kwenye mipangilio, na nenosiri likipotea hakuna wa kukurudishia, kwa hiyo mwenyekiti au mweka hazina naye awe nalo. Na simu yenyewe iwekewe namba ya siri. Daftari rasmi la kikundi, lile la sahihi na dole gumba, liendelee kuwa kaunta buku lililofungiwa kwenye sanduku la kikundi, na kila baada ya mkutano katibu apige picha ya ukurasa wa siku hiyo aiweke ndani ya Joplin, tarehe ikiwa ndiyo kichwa cha notsi.