Muacheni nkambo, leteni maji

Juzi jioni nilifungua redio nikamkuta bwana mmoja anaeleza, kwa sauti ya kushiba, kwamba kwa usafi wa mikono hapa Lubumbashi wanaotukwamisha ni wazee. Eti wamezoea ya zamani. Eti ni wagumu kufundishika. Eti wapangiwe semina. Nikazima, nisije nikaivunja redio isiyo yangu.

Wazee gani hao? Nani kati yetu, wa mitaa ya Katuba, Kenya na Kamalondo humu mjini, alilelewa na nkambo, yaani bibi au babu, aliyekubali mkono usionawa uingie kwenye bukari (ugali)? Mimi nilichapwa mwiko. Leo nkambo huyo huyo ndiye wa kufundishwa, tena kwa Kifaransa, mbele ya bango lenye picha ya mtoto wa shule anayecheka.

Badala ya kuangalia kichwa cha muzee, tuangalie maji yanakaa wapi. Ndoo ya robine, yaani ya kabomba, iko mlangoni juu ya meza ya mbao, imebaki pale tangu korona ya 2020. Nkambo anatembea na fimbo. Kunawa kunataka mikono miwili, na mmoja umeshika fimbo. Aiweke wapi? Akiiegemeza ukutani inateleza. Kuinama kuiokota, na kiuno kile, ni kazi ya nusu saa. Haya, tuseme imekaa. Robine yenyewe ni kale ka plastiki kanakozungushwa kwa ncha za vidole, na vidole vyake vimejaa rumatizimu. Anaifungua kwa mkono mchafu, kisha anaifunga kwa mkono uliotakata, na uchafu alioutoa anauchukua tena. Sabuni imebaki kipande chembamba, kimemponyoka, kimeanguka kwenye tope. Zile sekunde 20 za kusugua ncha za vidole, kidole gumba na katikati ya vidole, atasimama kwa miguu ya nani? Anajimwagia kidogo, anajifuta kwenye kitenge, anaenda zake. Sisi tumekaa pembeni tunasema: muzee mugumu.

Na kwenye kilio ndipo tunapoharibu kabisa. Muzee anakalishwa mbele, chini ya hema. Kila anayeingia lupango, yaani uwanja wa nyumba, anamfuata kwanza, anainama, anampa mkono, wengine wanaushika kwa mikono yote miwili. Ni heshima, na sitaki ife. Lakini hesabu mwenyewe: aliyetoka kwenye basi, aliyepenga kamasi, aliyetoka chooni akakuta ndoo imekauka, wote wamepita kwenye kiganja kimoja. Saa nane chakula kinafika. Vijana wanahangaika na bia za wakubwa, na muzee anawekewa sahani ya bukari na sombe (kisamvu) mapajani. Anakula na nini? Na mkono ule ule.

Akiharisha siku mbili baadaye, tunatafuta mchawi.

Mwili wa miaka 75 haupigani kama wa miaka 30. Kinga imepungua. Asidi ya tumbo inayoua vijidudu nayo inaweza kuwa imepungua, hasa kwa anayemeza dawa za vidonda vya tumbo. Zaidi ya yote, mzee hasikii kiu upesi. Anaharisha, anakauka, na hatakuomba maji. Kijana anaweza kupona kolera akiwa amekonda tu. Nkambo figo zinaweza kusimama. Hata mafua, ambayo wewe unayamaliza kwa chai ya tangawizi, kwake yanaweza kushuka kifuani yakawa nimonia.

Beseni moja la kuzungusha meza nzima lisitajwe tena mbele yangu. Wa nane ananawa uchafu wa saba waliotangulia. Maji yamwagwe juu ya mikono kwa jagi, beseni likae chini kupokea. Ya baridi yanatosha, hakuna haja ya kuchoma makaa.

Haya, nikubali kidogo: wapo wazee wabishi. Baba mukubwa wangu anasema amekula na mikono hii tangu enzi za Union Minière, kampuni ya migodi ya wakoloni, na hajafa. Kwake nimeshindwa, yule bwana wa redio anaweza kumchukua. Lakini hata yeye, mjukuu akija na jagi, sabuni na kitambaa kikavu begani, akasema "nkambo, mikono", ananyoosha bila neno. Fimbo anaishika mtoto.

Dawa ya alkoholi ya kwenye chupa? Sawa, kwa safarini, kama alkoholi inafika asilimia 60. Mikono yenye mafuta ya samaki au udongo wa shamba haiisafishi, na ya kutoka chooni inataka sabuni.

Jambo moja ambalo hata sisi wenye kujifanya wajuzi tunalisahau: ngozi ya mzee ni nyembamba, na sabuni ya kufulia inaikausha mpaka inapasuka. Mwezi wa saba, vumbi na baridi vikikutana, kunawa kunamuuma kweli, na hatakuambia, ataacha tu. Mpake mafuta baada ya kumkausha, katikati ya vidole pia.

Kamati za kilio zinajua kuandika viti, hema, bia, muziki na mafuta ya gari la maiti. Kwenye karatasi ile ile waongeze jina la kijana mmoja wa maji ya wazee. Na asiwe yule wa kushinda kwenye simu.