Godauni la Shimanzi lisivunjwe

Marehemu baba alibeba magunia ya kahawa Shimanzi, hapa Mombasa, mpaka bega lake la kulia likaota sugu ngumu kama kisigino. Majuzi nilipita mbele ya godauni alilofanyia kazi. Limefungwa mnyororo, mabati yameliwa na kutu, lakini kizingiti cha mlango bado kina mifuo miwili iliyochimbwa na magurudumu ya mikokoteni. Niliinama nikaigusa.

Nasikia wapo wanaotaka libomolewe paote ghorofa. Sikubali. Lifanywe jumba la burudani.

Mji huu una kiu ya mahali pa kwenda jioni. Sikukuu ya Idd ikifika, watoto hubanana uwanja wa Makadara kwenye bembea. Idd ikipita, basi tena. Vijana wanaofanya mazoezi ya maigizo na ngoma wanahangaika na kodi za kumbi. Na godauni lina kila kitu: paa liko juu, katikati ni peupe, chini ya paa pana matundu ya hewa, maana waliolijenga hawakutaka bidhaa zivunde kwa hili joto letu. Taarab ikipigwa mle ndani usiku, mkikaa kwenye mikeka, nani atataka kuondoka?

Wenzetu wamefanya. Vienna, Austria, kuna matangi manne makubwa ya gesi, yamezungushiwa kuta za matofali. Yalianza kujengwa mwaka 1896, mwaka ule ule reli ilipoanza kujengwa hapa Mombasa. Kazi yake ilikoma 1984, na kufikia 2001 ndani mlikuwa na maduka, makaazi ya watu na ukumbi wa muziki. Kuta za nje ziliachwa. Wala si lazima twende mbali hivyo: Bamburi palikuwa na machimbo ya mawe ya saruji, jangwa tupu, na kuanzia 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller akapanda mivinje mpaka pakawa msitu. Leo tunawapeleka watoto kulisha twiga.

Ninachokiogopa ni kiingilio. Mkishapaka rangi na kuweka taa, halafu mlango ukawa wa mwenye gari pekee, mtakuwa mmewafukuza wajukuu wa makuli kutoka nyumba iliyojengwa kwa migongo ya babu zao. Makuli hao ndio waliogoma Januari 1947, pamoja na wafanyakazi wenzao, mji mzima ukasimama. Ua liwe bure, mama aje na kaimati zake auze, wazee wapate benchi na bao. Kelele za usiku zinazungumzika na majirani. Bei ndiyo itakayotugawa. Majina ya wachukuzi yaandikwe ukutani, kwa herufi kubwa, karibu na mlango.

Na kile kizingiti, tafadhalini, fundi asikisakafie.