Baba Kijacho na Lita Moja na Nusu

Maelekezo ya altrasaundi ya mimba changa ni mafupi, na sisi manesi wa kliniki ya wajawazito tunayatoa kwa simu kila wiki bila kuua mtu. Kojoa kwanza umalize. Kunywa maji lita moja, yaani glasi nne za mililita 250, umalize saa moja kabla ya kipimo. Baada ya hapo usiende chooni mpaka upimwe. Kwa adabu tuliyolelewa nayo, mimi huyasema kwa wingi: "Mje mmekunywa maji, na msikojoe." Siku hiyo simu ilipokelewa na mume.

Huyu bwana tulishamjua. Fundi ujenzi wa Gongo la Mboto, mtu wa futi kamba na pima maji, jambo lake likisemwa sentimita kumi ni kumi. Hudhurio la kwanza alikuja na mkewe, kama tunavyowasihi akina baba wote. Wakahudumiwa mwanzo bila kukaa foleni, naye akatobolewa kidole sawa na mkewe, wakapimwa VVU na kaswende, akatoka kifua mbele. Sasa aliposikia "mmekunywa", aone ajabu ipi? Damu walitoa wote, mkojo nao wataubana wote. Hoja yake haina ufa.

Akanunua dukani kwa Mangi chupa mbili za lita moja na nusu. Mke akanywa lita moja kama ilivyoagizwa. Yeye akaimaliza chupa nzima, kwa sababu, kwa maneno yake, mwanaume hawezi kupimwa kwa kipimo cha mwanamke. Saa moja asubuhi wakapanda daladala.

Ya njiani alitusimulia mke. Hadi Airport baba alikuwa anaongea. Vingunguti akanyamaza. Tazara gari likasimama kabisa, konda akaja kudai nauli, akajibiwa kwa kidole kimoja: subiri. Abiria wa pembeni akamwonea huruma, akamshauri ashuke ajisaidie nyuma ya ukuta. Akakataa, akasema amekatazwa na kliniki. Abiria akamtazama usoni, akamtazama tumboni, akahamia siti ya nyuma.

Alipoingia kwetu alikuwa anatembea kama mtu aliyejitwisha ndoo ya maji isiyo na mfuniko. Mkewe anamfuata nyuma, katulia tuli, anatafuna karanga.

Utulivu ule ndio ulionitia shaka. Mama aliyekunywa lita moja tangu alfajiri hapaswi kuwa na raha kiasi hicho. Shida ni kwamba maji hayaendi moja kwa moja kibofuni. Mwili uliofika na upungufu huyachukua kwanza wenyewe, figo zinayabana, na saa moja baadaye kibofu bado hakina kitu. Mama yule alikuwa na kichefuchefu tangu wiki ya sita, asubuhi anatapika. Juu ya hayo, choo cha nyumba waliyopanga kiko uani, na usiku anaogopa kutoka peke yake, kwa hiyo alijitungia dawa: ikifika alasiri, maji basi. Baba, kwa upande wake, hushinda saiti na galoni lake pembeni, usiku uliopita alilala mwili umeshiba. Alichokiongeza asubuhi hakikuwa na pa kwenda ila chini. Kibofu cha mtu mzima hubeba mililita 400 hadi 600 hivi, na huanza kubisha hodi mapema kuliko hapo.

Mbele yao walikuwepo akina mama wanne. Umeme ukakatika. Jenereta letu huwaka mwenye ufunguo akipatikana, na mwenye ufunguo hupatikana akitaka.

Mhudumu naye akaona huo ndio wasaa mzuri wa kujaza ndoo yake ya kudekia, kwenye bomba lililo hatua mbili kutoka kwenye benchi. Maji yakaanza kudunda kwenye plastiki tupu, kisha mlio ukawa mzito, kisha ukawa ule mchirizi mwembamba wa ndoo inayokaribia kujaa. Baba akajiziba masikio. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Mguu wa kulia ukaanza kucheza wenyewe, benchi zima likawa linatikisika, na mama mmoja wa makamo akamgeukia: "Mwanangu, ndiyo mimba ya kwanza? Usiogope, mkeo atajifungua salama."

Umeme uliporudi nikatoka kukagua foleni. Nikamuuliza mama, "Mkojo umeshabana?"

"Bado, nesi. Kwa mbali tu."

Mumewe akanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Mimi umenibana tangu Tazara."

Benchi likanyamaza.

"Wewe umekunywa maji ya nini, baba?"

"Si ulisema tuje tumekunywa? Nimekunywa lita moja na nusu. Kama foleni ni ndefu naomba nianze mimi, mke wangu anaweza kusubiri."

Sikucheka. Kazi yetu ina maadili. Walionisaidia kucheka ni akina mama wanne, na yule wa makamo akalazimika kushikwa. Nikamwonyesha choo kilipo. Hata hapo hakuondoka. Akauliza, huku amefumba macho, kama akitoa atarudishwa kuanza upya. Nikamwambia nenda, baba, umefaulu.

Akaenda. Choo kimefungwa. Ufunguo wetu umefungwa kwenye kipande cha mbao kirefu ili watu wasiondoke nao, na siku hiyo mbao ilikuwa mfukoni mwa mhudumu, mhudumu yuko upande wa pili wa jengo na ndoo yake. Kufikia tumempata, mbao haikuwa na kazi tena.

Mke hakubabaika. Mama mjamzito hatembei bila kanga kwenye mkoba, akamrushia ya kujifunga, suruali ikaanikwa kwenye uzio juani. Kanga yenyewe ya rangi ya machungwa, kiunoni imeandikwa UMDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE.

Zamu yao ikaitwa. Chumba cha altrasaundi huwa na giza ili kioo kionekane, na kijana wetu wa mashine huangalia kioo muda wote, anayeingia humwona kwa pembe ya jicho. Akaona kanga. "Karibu, panda kitandani, fungua hadi chini ya kitovu." Baba mtiifu, na kwa vile alishaambiwa amefaulu, akapanda. Mimi nilikuwa bado mlangoni nampokea mke mkoba. Jeli ikamiminwa, na jeli ya altrasaundi ni ya baridi, pumzi ikamkata. Kijana akaweka kipimo, akasogeza kushoto, akasogeza kulia, akakunja uso.

"Mama, kibofu kitupu kabisa. Hukunywa maji?"

Ikajibu sauti nzito kutoka gizani: "Nilikunywa. Nimemwaga sasa hivi."

Kijana aliwasha taa, akatoka nje, akarudi baada ya muda amenawa uso.

Mke alipopanda, kibofu chake kilikuwa nusu, tena nusu ya kuombea. Katika wiki kama hizo mji wa mimba bado uko chini, ndani ya nyonga, na juu yake yamelala matumbo yenye hewa. Mawimbi ya altrasaundi hayapiti vizuri kwenye hewa, lakini kwenye maji yanapita vizuri. Kibofu kilichojaa husukuma matumbo pembeni na kuwa dirisha. Kikijaa kupita kiasi nacho kinaukandamiza mji wa mimba na picha inaharibika, ndiyo maana mama aliyezidisha humwambia mtaalamu, akaruhusiwa kupunguza kidogo. Tukampa huyu glasi mbili zaidi, tukamwambia asubiri nusu saa akitembea tembea. Safari ya pili picha ilitulia: mtoto akapimwa kutoka kichwani hadi makalioni, wiki 9 na siku 4, moyo unadunda. Mapema hivyo ndipo umri wa mimba unapokadiriwa kwa usahihi zaidi, na yeye tarehe ya hedhi hakuikumbuka.

Nusu saa ile ya kusubiri niliitumia kuvunja ile dawa yake ya alasiri. Mjamzito anahitaji vinywaji kama lita 2 hadi 2.3 kwa siku, glasi nane hadi tisa hivi, na kwa joto la Dar huongeza. Kukojoa mara kwa mara hakusababishwi na maji peke yake: figo za mjamzito huchuja karibu nusu zaidi ya kawaida, na mji wa mimba unakikalia kibofu. Akikata maji, mkojo unakolea na kukichokoza kibofu, atakwenda vile vile, tena kwa maumivu, hapo U.T.I., yaani maambukizi ya njia ya mkojo, imepata nafasi, choo kigumu nacho kinajileta, hasa akianza vidonge vya madini ya chuma. Vidonge vyenyewe ameze kwa maji au juisi ya chungwa, chai aiache kando kwa saa moja au mbili kwa sababu inazuia chuma kufyonzwa.

Sehemu kubwa ya maji aimalize kabla ya saa kumi na mbili jioni, usiku anywe kidogo kidogo tu, na ndoo yenye mfuniko chumbani siyo aibu. Kwa kichefuchefu, asigugumie glasi nzima: mafunda mawili matatu kila baada ya dakika kumi, maji ya baridi yenye ndimu, katikati ya milo badala ya pamoja na chakula. Kipimo chake ni mkojo: njano hafifu ni sawa, ukikolea hadi kuelekea kahawia aongeze. Na kama hata funda halikai tumboni kutwa nzima, au muda wa saa nane umepita hajakojoa, asingoje tarehe ya kliniki, aje siku hiyo hiyo.

Baba alikuwa anaandika yote kwenye kiganja, kwa penseli ya fundi.

Nikamalizia na altrasaundi ya pili, kati ya wiki ya 18 na 22. Hiyo haihitaji kubana mkojo, mji wa mimba unakuwa umepanda juu na maji yanayomzunguka mtoto yanatosha kupitisha sauti. Akasimama, akakaza fundo la kanga.

"Na chakula, nesi? Tuje tumekula?"

"Mama ale kama kawaida."

Akalamba ncha ya penseli. "Na mimi?"