Dereva, tafuta tuta lingine!

Kwa wauza vitu vya mtumba usiende ukiwa na ratiba. Mi nilienda kutafuta santuri tu, zile kubwa za spidi 33, nikajikuta nimeganda namshangaa mdoli wa dukani asie na kichwa, kavalishwa koti la sufu alaf miwani wamemtundikia shingoni. Pembeni yake santuri zimelainishwa kwa maji ya moto zikakunjwa zikawa makopo ya maua, yani mtu kachukua bendi nzima na matarumbeta yake kaijaza udongo. Nikamuuliza muuzaji kulikoni, akanijibu, "Kaka, zikiwa bapa hazinunuliwi." Zile za zamani kabisa za spidi 78 zimesalimika kwa sababu moja tu, zina utomvu wa wadudu ndani yake, ukijaribu kuzikunja zinapasuka vipande. Hizo anawekea vikombe juu yake.

Chini ya meza ndo nikaliona. Redio kaseti kubwa, spika mbili, mkono wa kubebea, ya betri sita zile nene. Jamaa akaitikisa, kimya, akaipiga kofi, kimya. "Hii marehemu, kaweke sebuleni pambo," na akaniachia kwa hela ya kutupa. Ndani kuna kaseti imekwama na mlango haufunguki, betri zimo na kifuniko chake kimepigwa gundi, kitufe cha plei kimezama hakirudi, na cha kuzimia hakipo kabisa kimebaki kishimo. Nikaona sawa tu, marehemu unamzima wa nini?

Kwenye basi nikaipakata. Konda akaitazama akasema mzigo huo unalipiwa, nikamwambia umekaa mapajani kwangu sio kwenye siti yako, akasonya akaenda zake mlangoni. Sasa tukafika kwenye tuta, na dereva wetu ni wale ambao tuta kwao ni pambo la barabara, tukaruka wote, redio nayo ikaruka, ilivyotua ikaongea.

"...kwa hiyo dada nakuomba unisikilize mpaka mwisho, usikasirike."

Sauti ya mama mtu mzima, kwenye spika zote mbili. Watu wakageuka. Mi nabonyeza kila kitu kinachobonyezeka, wapi.

"Cherehani yako sikuiuza mimi. Nimenyamaza kwa kulinda heshima ya familia ila leo naongea. Aliyeiuza namjua, na wewe unamjua, na mnaishi nyumba moja."

Basi zima: "Heeeee!"

Kwa wasiojua, enzi hizo mtu akiwa na ndugu mbali badala ya barua alikua anarekodi kaseti anaituma, na kusema kweli hiyo ndo kazi ya kaseti tangu mwanzo maana Philips walivyozitoa mwaka 1963 zilikua za kurekodi maongezi, muziki ulifuata baadae. Kwahiyo huyo mama alikua anatumia kifaa ipasavyo. Mimi ndo nilikua natafuta muziki.

Kwa aibu nikaikumbatia redio ili sauti izibe, mama niliekaa nae akanitoa mikono. "Mwanangu hebu tusikie." Na hapo hapo tuta la pili, paa, ikakata.

Jamani kelele zilizopigwa mle ndani! Watu wakanikazia macho utafikiri nimezima mimi. Nikawaeleza kuna waya umeachia, inashika na kuachia kwa mtikisiko, kosa kubwa sana kuwaambia abiria kitu kama hicho. Kijana wa nyuma akapiga ukelele, "Dereva, tafuta tuta lingine!" Na dereva, ambae siku zote ukimwambia punguza anaongeza, akatii. Akaacha lami akapita njia ya vumbi yenye mashimo, abiria tunagonga vichwa kwenye paa na hakuna anaelalamika.

Ikaamka tena. Ila betri nazo zilishachoka, na mkanda wa kaseti unatakiwa upite karibu sentimita 5 kila sekunde, nguvu ikipungua unajikokota na sauti inazama. Kwahiyo yule mama akaendelea kwa sauti ya mzee wa miaka tisini mwenye mafua. "Sikuuu hiyoo niliruudi mapeema..." Mtoto mmoja akauliza, "Sasa huyu ndo mjomba?" Akanyamazishwa na watu ambao hata hawamjui.

Basi likagawanyika. Upande wa dirishani wanasema ni mume, upande wa pili wanasema ni mtoto wa kwanza, mzee mmoja akasema mnamwamini vipi huyo anaeongea, anaeiba cherehani ndo huyo huyo wa kwanza kutuma kaseti. Akazomewa. Konda kasahau kudai nauli, vituo vinapita, mimi changu kilishapita zamani.

"...nikachungulia diriishani, nikamuona kabiisa kwa macho yaangu..."

Klak. Upande A umeisha.

Mtu akatoa bisibisi, sijui aliitoa wapi, mlango wa kaseti ukabanduliwa, ikageuzwa kwa uangalifu ambao hata mimi mwenye mali sijawahi kuuonyesha, dereva akapewa ishara akatafuta shimo, tukagonga. Kimya kidogo. Alaf gitaa. Gitaa tamu hilo, na ngoma nyuma yake, muziki niliokua nautafuta asubuhi nzima, na ni mimi peke yangu niliekua natikisa kichwa mpaka nilipoona nyuso za wenzangu.

Kuna mtu alirekodi nyimbo juu ya barua. Kaseti ina vipembe viwili vya plastiki kwa nyuma, ukivivunja hairekodiki tena, na yule mama kwa hasira za cherehani hakuvivunja. Nikajaribu kuwaelekeza kuhusu vipembe. "Wewe ndo umefuta!" Sikuwepo, nimeinunua leo! "Umefuta wewe, tunakuona ulivyokua unafurahia muziki!" Mama wa pembeni akahama siti.

Tukafika mwisho wa gari hakuna anaeshuka, ubishi mume au mtoto umepamba moto. Dereva akazima injini, akageuka kwa mara ya kwanza safari nzima.

"Ni mume," akasema. "Mimi mwenyewe ya mke wangu niliuza."

Konda akatoa simu mfukoni taratibu. "Suka, namba ya shemeji ninayo."