Mdoli hakumpiga ami teke

Najua mshasikia. Shoga yangu mmoja (anajijua) kesharusha voisi kwenye grupu la mtaa eti mdoli kafufuka kwangu Kikwajuni kamtandika ami teke. Muongo! Hakuna aliyepigwa teke. Kilichotokea ni kibaya zaidi, bora niseme mwenyewe kabla habari haijafika Bububu ishakuwa jini.

Mdoli wa mtoto wa dada yangu. Si hii ya plastiki ya Darajani, huyu ni wa rezini, futi mbili kwenda juu, mzito, viungo vyote vya mviringo na ndani mtupu, kinachomfanya asimwagike vipande ni lastiki tu inayopita tumboni. Walianza kuuzwa Japani 1999, mtoto kanambia hayo mpaka nimehifadhi. Sasa lastiki imelegea, kila akisimamishwa anakaa kitako, nikaambiwa "mama mdogo, si fundi cherehani wewe, kila siku unatia lastiki?"

Natia kwenye sketi, jamani. Sketi haina shingo.

Hesabu yangu hii hapa, chekeni mapema. Nikaichomoa ya zamani nikaipima, nikasema hii ishatanuka, nikapunguza. Halafu nikawaza na mpya nayo si itakuja kutanuka, nikapunguza tena. Mkasi ukapita. Fundo nalo likala chake, maana lastiki ya duara ya milimita 4 fundo lake bonge. Na kitanzi ni kimoja tu, katikati kinaning'inia kwenye ndoano ya shingo, ncha hii mguu huu, ncha nyengine mguu ule, kwa hiyo ukibana unabana kote kote.

Ami yuko kwenye mkeka, kashuka boti ya Pemba, kanzu nyeupe pee, bakuli la urojo mbele yake. Mie nimembana mdoli kwa magoti, miguu ishaingia, lastiki ukiigusa inalia ting! Bado kichwa. Navuta ndoano kutoka shingoni kwa waya wa henga, inakuja inarudi, inakuja inarudi, jasho linanitoka, nikaidaka, nikaipenyeza kwenye tundu la kichwa, bado kuizungusha tu ikae kingamo isichomoke (mnaoandika "ungetumia koleo" nawaona, kaeni), ami akauliza:

"Huyo mgonjwa?"

Nikageuka kumjibu huku navuta.

Ndoano ikachomoka. Mwili ukajikunja, miguu ikaruka huku na huku, kopo la pini likaenda zake. Kichwa nacho, nakivuta kwa nguvu zangu zote na cha kukizuia hakipo tena, kikanitoka mikononi kikapanda. Wallahi nilikiona. Kipara, wigi liko mezani, jicho moja lipo, jengine lishaanza safari yake, kinajizungusha chini ya feni taratibu utadhani kina nauli, kikageuka, kikateremka.

Chubwi!

Uso juu, baina ya bajia na kachori, kinamtazama ami kwa jicho lake moja. Kanzu ishakuwa ya manjano mpaka kifuani. Mimi mikono bado iko hewani.

Ami akachukua kijiko, akakisogeza kichwa pembeni, akaonja rojo, akanitazama.

"Mwanangu, urojo wenu wa mjini siku hizi mwatia na kichwa?"

Basi. Kanzu nimemshonea nyengine. Jicho lilipatikana ndani ya kachori, msiniulize nani aliliuma. Lastiki nimenunua tena na safari hii sikukata kwanza, nimeipitisha nzima, nikavuta mpaka akasimama wima bila kurusha miguu, nikafunga fundo la muda, nikamkalisha nikamsimamisha, ndo mkasi ukafata.

Anasimama vizuri mashallah. Ila shavu la kushoto limebaki manjano, nimesugua limegoma, mtoto nimemwambia kwenye simu mdoli kapakwa liwa. Mwenye dawa ya kutoa manjano kwenye rezini aje inboksi mbio, dada anamleta Ijumaa. Na wewe shoga, ile voisi ifute.