Ujerumani: Mafunzo ya Ufundi ya Kusifika, Mchujo wa Mapema Mno

Sifa nyingi ambazo elimu ya Ujerumani hupewa nje ya nchi hiyo huelekezwa kwenye uanagenzi, yaani mafunzo ambayo kijana huyapata kazini na darasani kwa wakati mmoja. Ni sifa za haki. Hata hivyo, wanaozitoa humtazama kijana wa miaka 16 au 17 aliyekwisha kupata mkataba, wala hawaulizi yaliyoamuliwa juu yake alipokuwa na miaka 10.

Elimu ya shule nchini humo iko mikononi mwa majimbo 16, na katika mengi kati ya hayo shule ya msingi ni ya miaka 4 tu. Baada ya hapo watoto hutenganishwa: wengine huingia Gymnasium, inayowaandaa kwa mtihani wa Abitur na chuo kikuu, wengine Realschule, ambayo ni ya kiwango cha kati, au Hauptschule, ambayo ni ya kiwango cha chini zaidi (majimbo kadhaa yameziunganisha hizi mbili), na wengine shule zinazochanganya watoto wa viwango vyote, ziitwazo Gesamtschule. Bavaria ni miongoni mwa majimbo yenye msimamo mkali zaidi. Huko, wastani wa alama za Kijerumani, hisabati na maarifa ya mazingira ukizidi 2.33, ilhali 1 ndiyo alama bora kabisa, mtoto hapati idhini ya moja kwa moja ya kwenda Gymnasium. Katika jimbo la Nordrhein-Westfalen shule hutoa mapendekezo, lakini neno la mwisho ni la mzazi.

Watetezi wa utaratibu huu husema kwamba mwalimu hufundisha vyema darasa lenye uwezo unaokaribiana, na kwamba njia hazizibwi, kwa kuwa aliyefaulu vizuri Realschule anaweza kuhamia Gymnasium, na tangu 2009 fundi mwenye cheti cha Meister, yaani fundi bingwa, anaruhusiwa kusoma chuo kikuu bila Abitur. Hoja hiyo ina uzito, lakini kuhama huko kunahitaji mzazi anayezijua taratibu na anayethubutu kubishana na shule. Matokeo ya mtihani wa kimataifa wa PISA yaliyotangazwa Desemba 2001 yaliwashtua Wajerumani: wanafunzi wao walikuwa chini ya wastani wa nchi za OECD, jumuiya ambayo wengi wa wanachama wake ni nchi tajiri, na hali ya familia iliathiri ufaulu wa mtoto kuliko karibu kwingineko kote.

Uanagenzi wenyewe, uliowekewa sheria ya nchi nzima mwaka 1969, umejengwa kwa uangalifu mkubwa. Kijana huchagua moja kati ya kazi zaidi ya 300 zinazotambuliwa, husaini mkataba na mwajiri, hufanya kazi siku 3 au 4 kwa wiki huku akilipwa, na siku zinazobaki huwa katika chuo cha ufundi. Anayemtahini si mwajiri wake. Mtihani huendeshwa na chemba ya biashara au ya mafundi, mbele ya jopo lenye wawakilishi wa waajiri, wafanyakazi na walimu, na ndiyo maana cheti cha fundi umeme wa Hamburg huaminiwa pia München. Udhaifu wake ni kwamba nafasi hutegemea hiari ya makampuni, na mwenye cheti hafifu cha Hauptschule huwa wa mwisho kuchukuliwa.

Kwa maoni yangu, ubora huo unatokana na waajiri, chemba na sheria, wala hauhitaji mchujo wa utotoni. Denmark huwaacha watoto wote shule moja hadi karibu miaka 16, na bado ina mafunzo ya ufundi yanayopishanisha chuo na kazi. Ndani ya Ujerumani yenyewe, Berlin na Brandenburg zina shule ya msingi ya miaka 6, na uanagenzi wao haujavunjika.

Kikwazo kikubwa ni siasa. Hamburg ilipotaka kurefusha shule ya msingi hadi miaka 6, vyama vyote katika bunge la jimbo hilo viliunga mkono, lakini Julai 2010 wapiga kura waliikataa hatua hiyo katika kura ya maoni. Mitaa ya wenye nacho ilijitokeza kwa wingi kuliko mitaa maskini, na wazazi wengi wahamiaji, ambao watoto wao wangenufaika zaidi, hawakuwa na haki ya kupiga kura kwa sababu si raia.